Gharama za Gari la Kukodi katika Kodi ya Mapato

Gharama ya kukodi gari kwa ajili ya biashara huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, lakini si kwa kila mfanyabiashara. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida hutozwa kodi ya makadirio, ambayo hukokotolewa kwa mauzo yenyewe. Huyo gharama za gari hazimpunguzii kitu, hata akiwa na risiti zote. Wanunuzi wadogo wa alizeti, vitunguu na asali vijijini mkoani Singida wengi huangukia hapa, kwa hiyo jambo hili lijulikane mapema.

Anayevuka kiwango hicho hutozwa kwa faida. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inamruhusu kutoa gharama zilizotumika kikamilifu na kwa ajili ya biashara pekee. Tuseme mfanyabiashara wa Singida mjini amekodi gari siku 10 kwa shilingi 120,000 kwa siku ili akusanye alizeti Iramba na Mkalama. Siku 2 kati ya hizo gari lilipeleka familia msibani Kiomboi. Jumla ni shilingi 1,200,000. Inayokubalika ni 960,000. Mafuta na posho ya dereva navyo hugawanywa vivyo hivyo. Faini ya barabarani haikubaliki kabisa, hata kama safari ilikuwa ya kazi.

Kinachopungua ni mapato yanayotozwa, si kodi yenyewe. Kwa anayefikia kiwango cha juu cha asilimia 30, shilingi 960,000 humwokolea 288,000.

Ugumu mkubwa uko kwenye ushahidi. Ujumbe wa malipo ya simu huonyesha kwamba fedha zilitumwa. Hausemi zililipia nini. Risiti ya EFD yenye jina na TIN ya mkodishaji ndiyo ya kudai, pamoja na mkataba wa kukodi na daftari la safari: tarehe, njia, mzigo na sababu. Daftari lijazwe siku ileile ya safari, maana likijazwa mwishoni mwa mwaka siku za msibani husahaulika. Kumbukumbu zote hutunzwa kwa miaka 5.

Gari la kununua lina utaratibu wake: bei haiondolewi yote kwa mkupuo, bali gari dogo hupewa uchakavu wa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka, kwa kadiri linavyotumika kibiashara.