Gari Likianguka Ukaguzi

Somo la juma hili. Soma kwanza 2 Wafalme 22:1–13, kisha Yeremia 36:20–32.

Niliahidi kwenye ushirika wa wanaume kwamba nitaandika jambo hili, kwa sababu ndugu watatu wameniuliza swali moja: gari langu ni la zamani, limeanguka ukaguzi, fundi ameniandikia bei ya kutisha, sasa nifanye nini? Nitawajibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe, na mengine siyo ya kujivunia.

Pikapu yetu wengi mnaijua. Ni ile Nissan ya namba za KAT. Ndiyo hubeba vyombo vya muziki tukienda mkutano wa nje, na siku nyingine zote inabeba nyanya na sukumawiki kutoka Soko la Wakulima. Kwa kuwa ni gari la biashara, kila mwaka lazima ikaguliwe. Na wewe mwenye gari dogo la kwenda kazini usicheke ukidhani haikuhusu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inagusa pia gari la mtu binafsi likishapita miaka 4 tangu litengenezwe. Na kumbuka magari mengi tunayoyaita mapya hapa kwetu yameletwa yakiwa yametumika. Kiwango cha KS 1515 kinaweka ukomo wa miaka 8 kwa gari linaloagizwa kutoka nje, kwa hivyo gari lako la kwanza laweza kufika Mombasa likiwa na miaka 7 tayari.

Basi nikachukua siku ya ukaguzi kwa eCitizen, nikalipa, nikafika asubuhi na mapema. Wakalinganisha namba ya chesi na ya injini na zile za logbuku. Wakapandisha magurudumu kwenye mashine ya breki, wakapima taa, mmoja akaingia shimoni na tochi. Kijana aliyekagua alikuwa mpole, hata aliniita mzee. Akanipa karatasi. Breki za nyuma hazilingani, upande wa kushoto ni kama hazishiki. Bolijointi na tairodi zina mchezo. Tairi mbili za mbele zimeisha. Taa moja inamulika juu kama inatafuta ndege. Moshi mweusi.

Nikapeleka ile karatasi kwa fundi. Akaandika: breki shuu 3,500, silinda mbili za magurudumu ya nyuma 5,600, bolijointi nne 8,000, tairodi mbili 3,000, tairi mbili 19,000, nozeli nne 8,000, taa 1,400, ufundi 7,000. Jumla shilingi 55,500. Wakati huo pesa niliyokuwa nayo ilikuwa karo ya kifungua mimba wangu, na haikufika hata hapo.

Sasa, nilipokuwa nikitoka pale langoni asubuhi, kulikuwa na mtu wa kati, hawa tunaowaita mabroka. Aliniona uso, akajua. Akasema, "Mkubwa, hiyo isikusumbue. Leta elfu sita, gari lako litapita likiwa nyumbani." Sijui kama angeweza kweli au alikuwa tapeli tu wa barabarani. Lakini namba yake niliihifadhi kwenye simu. Mzee wa kanisa, namba nikaihifadhi!

Usiku ule nilikaa mezani na hesabu mbili. Moja kwenye karatasi, 55,500. Nyingine kwenye simu, 6,000. Nikaanza kuhubiriana na nafsi yangu. Kwamba hii serikali inatunyonya. Kwamba matatu mbovu kuliko yangu ziko barabarani na stika zimebandikwa. Kwamba Mungu anajua hali yangu. Mama watoto alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akauliza jambo moja tu: "Baba, hiyo pikapu ina breki ama haina?"

Nikanyamaza. Kwa sababu nilijua. Kwa miezi kama mitatu nilikuwa nikiongeza mafuta ya breki kila Jumamosi. Mafuta ya breki hayaliwi na gari kama petroli. Ukiona yanapungua kila wiki, ujue kuna mahali yanatoka. Mkaguzi hakuniambia jambo geni. Aliandika tu lile nililokuwa nikilijua na kulifunika.

Hapo ndipo nikakumbuka wafalme wawili, baba na mwana wake.

Baba ni Yosia. Alikuwa akitengeneza nyumba ya Bwana iliyochakaa, na katika ile kazi ya ukarabati kitabu cha torati kikapatikana. Shafani mwandishi akamsomea. Yosia aliposikia jinsi walivyokuwa wamepungukiwa, akararua mavazi yake, kisha akatuma watu waulize kwa Bwana. Hakumgombeza Shafani wala kuuliza nani amekiandika.

Mwana ni Yehoyakimu. Miaka ikapita, naye akasomewa gombo la Yeremia, ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi na moto unawaka mbele yake. Kila zikisomwa kurasa tatu au nne, anakata kwa kisu na kutupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Biblia inatuambia kwamba yeye na watumishi wake hawakurarua mavazi. Angalia hilo neno vizuri, ni kama mwandishi anatukumbusha baba yake. Na kati ya waliomsihi asichome alikuwepo Gemaria, mwana wa Shafani. Je, kuchoma kulisaidia? Mji ulibaki vile vile, hatari ikabaki vile vile, na gombo likaandikwa upya na maneno mengine yakaongezwa.

Broka wa elfu sita anakuuzia moto wa Yehoyakimu. Karatasi itaungua, ndiyo. Lakini silinda inaendelea kuvuja, na mwaka ujao orodha itarudi ikiwa ndefu zaidi. Na tusisahau upande wa serikali: Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, na adhabu yaweza kufika miaka 10 gerezani au faini ya shilingi milioni 5, au zote mbili. Kwa hivyo usiseme "mimi nilisaidiwa tu."

Lakini siwezi kumsema broka nikajiacha mimi. Mwaka juzi tairi zangu zilikuwa zimeisha hivyo hivyo. Nilifanya nini? Niliazima tairi mbili kwa ndugu mmoja hapa hapa kanisani, nikapita ukaguzi, jioni nikamrudishia tairi zake na asante. Sikutoa hongo, kwa hivyo nilijiona msafi. Jumapili iliyofuata nikabeba vyombo, na vijana wawili wakaketi mbele pamoja nami, mvua inanyesha, kwenye tairi zile zilizoisha. Watoto wa watu. Huyo ndugu anajua ni nani, nami nimeshamwomba msamaha kwa kumhusisha. Tairi za kuazima ni uongo, hata kama ni tairi halisi.

Na wale wanaoniambia, "Mzee, si uliombee tu gari?" Tunaliombea, amina. Lakini mafuta ya upako hayazibi silinda.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe, maana bei haikupungua kwa sababu nimetubu.

Kwanza sikumkabidhi fundi gari na pesa nikaenda zangu. Nilimwomba anionyeshe kila kosa, na hata wewe usiye fundi unaweza kuona. Gurudumu la mbele likiinuliwa kwa jeki na gari likawekewa vizuizi, shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, mara nyingi ni bolijointi au beringi. Shika kushoto na kulia, utikise tena. Likicheza hapo, angalia tairodi. Upande wa nyuma alifungua dramu ya breki, akainua kile kifuniko cha mpira cha silinda, na mafuta yakatiririka kwa kidole. Shuu za kushoto zilikuwa zimelowa kabisa. Ndiyo maana hazikushika, na ndiyo maana gari lilikuwa likivuta upande mmoja nikikanyaga breki ghafla. Mimi nilikuwa nikilaumu barabara.

Kuhusu moshi nilibishana naye kidogo. Moshi mweusi wa dizeli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, kwa hivyo kabla ya kugusa nozeli, angalia kichujio cha hewa. Changu kilikuwa na vumbi la kupandia viazi. Kipya kilikuwa 900. Moshi ukapungua lakini haukuisha, ndipo nozeli zikapelekwa kupimwa, na mbovu zikawa mbili, siyo nne. Hapo nikaokoa 3,100. (Moshi ukiwa wa buluu ni habari nyingine, hapo injini inachoma oili, na mfuko ujiandae.)

Spea nilinunua mwenyewe Kirinyaga Road, nimebeba ile ya zamani mkononi ili nisiuziwe isiyoingia. Tairi nilisoma tarehe yake kabla ya kulipa. Pale pembeni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yaweza kung'aa dukani na bado ikawa imezeeka.

Kama pesa haitoshi zote kwa pamoja, na yangu haikutosha, fuata kinachoua kwanza. Breki, usukani, tairi, taa. Moshi na rangi vifuate. Na gari lisitembee katikati. Hapa ndipo pagumu, najua, kwa sababu pikapu isipotembea sokoni hakuna pesa ya kuitengeneza. Yangu ilikaa siku tisa. Nilibeba mboga kwa mkokoteni wa kukodi, na wateja wawili wakanihama. Mmoja hajarudi.

Na kuna gari ambalo jibu lake ni kuliacha. Kama chesi imeoza kwa kutu mpaka bisibisi inaingia, usidanganywe na kulehemu na rangi nyeusi juu yake. Piga hesabu kabla ya kununua hata nati moja: linaingiza ngapi kwa mwezi, matengenezo yatakula miezi mingapi, na baada yake utakuwa na gari au utakuwa na deni tu? Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Yangu chesi ilikuwa nzima, ndiyo maana nikaendelea.

Mafundi wa kanisa hili, nina neno kwenu pia. Katika ile sura ya Yosia, waliotengeneza hekalu walipewa fedha bila kuulizwa hesabu, kwa sababu walijulikana kuwa waaminifu. Mimi kijana wangu aliniletea spea zote za zamani kwenye mfuko bila kuombwa. Kila mtu anayeniuliza fundi, namtuma kwake.

Jumla ikawa 52,400. Elfu thelathini nilikopa SACCO, kiasi kikatoka kwenye karo, na mwalimu mkuu akakubali tulipe kwa awamu. Nikarudi ukaguzi, ikapita. Sitaiita muujiza, ni breki mpya tu. Yule broka alikuwepo pale langoni, akanipungia mkono. Deni la duka la tairi limebaki elfu tisa, na Ijumaa napeleka elfu mbili.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:

Kwa nini mwandishi wa Yeremia 36 alitaja kwamba mfalme na watumishi wake hawakurarua mavazi?

Katika 2 Wafalme 22:7, uaminifu wa mafundi ulijulikanaje, na wewe kazini kwako unajulikana kwa nini?

Kwa wenye magari, na boda mkiwemo: fundi alikwambia nini mara ya mwisho, ambacho hujatengeneza mpaka leo? Mwambie mwenzako kwenye kikundi, na umpe tarehe.