Nota na Tarakimu kwa Wapiga Banjo

Mwanafunzi wa banjo yenye nyuzi tano hukuta vitabu vya namna mbili, na katika kila namna muziki huandikwa juu ya mistari mitano. Asipoangalia vema atachanganyikiwa.

Namna ya kwanza huitwa tabulacha. Kila mstari ni uzi mmoja: wa juu ni uzi wa kwanza, wa chini ni ule uzi mfupi wa tano. Tarakimu yaonyesha mahali pa kubonyeza. 0 ni uzi wazi, 2 ni chuma cha pili shingoni. Earl Scruggs, mpigaji mashuhuri wa Marekani, aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1968.

Namna ya pili ni nota za kawaida. Hapa mistari haionyeshi nyuzi, bali kupanda na kushuka kwa sauti. Lakini nota haisemi uzi upi upigwe. Nyuzi zikikazwa kwa desturi ya G, sauti ile ile ya G ya juu hupatikana kwenye uzi wa tano ulio wazi, na pia kwenye uzi wa kwanza, chuma cha tano.

Tabulacha nayo ina upungufu. Haimfai mwimbaji wala mpiga tarumbeta. Tena nyuzi zikikazwa kwa namna nyingine, tarakimu zile zile hutoa wimbo mwingine.

Basi, anayeanza na aanze na tabulacha, apate moyo. Lakini atakaye kupiga pamoja na wenzake, hana budi kujifunza nota pia.