SOMO: NDEGE ALIYEDHANIWA AMEKWISHA

Tuanze na swali. Kitu kikibaki kidogo kabisa, tuhangaike nacho ama tukiache kiishe? Vikundini husikika, "Hiyo imeshakwisha, tuachane nayo." Hebu leo tusikie habari ya visiwa vya Bermuda, katika Bahari ya Atlantiki, upande wa Marekani. Huko kuna ndege wa baharini aitwaye kahau.

1. Alipoteaje?
Kahau huishi baharini. Hurudi nchi kavu kuzaa tu, tena usiku. Huchimba shimo udongoni, na jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Likiharibika, ni kungoja mwaka ujao.

Zamani walikuwa wengi sana. Halafu mabaharia waliopita waliacha nguruwe visiwani, nao wakafukua mashimo hayo. Waingereza walihamia huko mwaka 1612, na pamoja nao wakaja panya, paka na mbwa. Njaa ilipoingia, watu wakawala ndege hao bila hesabu, maana kahau hakujua kumwogopa binadamu. Karibu mwaka 1616 gavana alitoa amri ya kuwalinda. Majuto ni mjukuu! Miaka michache baadaye hawakuonekana tena, na kwa miaka 300 hivi watu walisema wamekwisha.

2. Alipatikanaje?
Mwaka 1951, mtaalamu Robert Cushman Murphy kutoka Marekani na Louis Mowbray wa Bermuda walikwenda kutafuta katika visiwa vidogo vya mawe. Walifuatana na mwanafunzi wa miaka 15, David Wingate. Ndani ya nyufa za mwamba wakamkuta kahau, yu hai! Siku zile walipata viota 7 tu. Kijana yule alikuja kuifanya kazi ya kuwaokoa mpaka alipostaafu mwaka 2000.

3. Waliokolewaje?
Hawakutosheka kusema, "Tulinde ndege." Waliuliza: makinda yanakufa kwa sababu gani? Kila sababu wakaitafutia dawa yake.

(a) Kuporwa nyumba. Visiwa vile vidogo havina udongo wa kuchimba, kwa hiyo kahau walijibana katika nyufa za miamba. Lakini hayo ni makao ya ndege mwingine, mweupe mwenye mkia mrefu, na huyo aliua kinda na kuchukua shimo. Basi wakaweka ubao mlangoni wenye tundu la kumtosha kahau peke yake. Yule mwingine ni mkubwa kidogo tu, akashindwa kupita.

(b) Mashimo machache. Wingate alitengeneza mengine kwa saruji.

(c) Sumu. Mwaka 1968 watafiti walieleza kwamba mayai na makinda yalikuwa na DDT. Kahau hakaribii shamba lolote. Chakula chake ni ngisi na samaki wa bahari kuu. Lakini dawa iliyonyunyiziwa nchi kavu ilikuwa imemfikia huko huko. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 1972.

(d) Mawimbi. Mwaka 2003 kimbunga kilichoitwa Fabian kilibomoa mashimo mengi. Ikawa wazi kwamba visiwa vile vya chini si salama. Lakini karibu kulikuwa na kisiwa cha Nonsuch, kilichoinuka na chenye udongo, ambako Wingate alikuwa amepanda miti ya asili tangu miaka ya 1960. Kati ya 2004 na 2008, Jeremy Madeiros na wenzake walihamishia huko makinda kama 100. Waliwachukua kabla hawajaanza kutoka shimoni usiku, wakawalisha samaki na ngisi kwa mkono. Kinda wa kahau hukariri mahali anaporukia mara ya kwanza, na akikomaa hurudi hapo hapo kuzaa. Ikawa kungoja. Mwaka 2009 kinda wa kwanza aliyeanguliwa Nonsuch aliruka kutoka huko. Kufikia mwaka 2020, jozi zote za Bermuda zilikuwa zimepita 130.

4. Tunajifunza nini?
Kwanza, amri peke yake haikutosha. Ilikuja wakati madhara yameshafanyika. Pili, waliotafuta sababu moja moja ndio waliofaulu. Tatu, walihesabu kila mwaka: mayai mangapi, makinda mangapi yameruka. Bila daftari, utajuaje kama unapanda ama unashuka? Nne, waliopanda miti Nonsuch hawakujua kwamba kimbunga kingekuja. Kilipokuja, makao mapya yalikuwa tayari.

Kutoka viota 7 hadi jozi 130 ni kazi ya karibu miaka 70. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Ni mti gani, mnyama gani ama chemchemi gani hapa kwetu ambayo wazee waliiona kwa wingi na sasa imebaki kidogo?
2. Tutaje sababu zote zinazoimaliza. Ni ipi tunayoweza kuizuia sisi wenyewe mwaka huu?
3. Dawa tunazonyunyizia mashambani huishia wapi mvua ikinyesha?
4. Nani atahesabu na kuandika, na tutakutana lini kusikia hesabu?