Ushauri Nasaha Vituoni: Kwa Nini Unaulizwa Maswali Yale Yale Kila Unaporudi

Mgonjwa wa shinikizo la damu hashangai kupimwa kila anaporudi kituo cha afya. Kipimo cha leo hulinganishwa na cha mwezi uliopita, na dawa huongezwa au kubadilishwa kulingana na tofauti hiyo. Kwa anayepata ushauri nasaha, mambo si wazi hivyo. Mtu huketi na mshauri, huzungumza, kisha hurudi nyumbani. Mazungumzo yamemsaidia au la?

Kifaa kinachotumika sana kujibu swali hilo ni dodoso fupi liitwalo PHQ-9. Lilichapishwa Marekani mwaka 2001, na hapa Kenya linapatikana kwa Kiswahili. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha na mengineyo. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, kwa hivyo jumla haizidi 27. Anayepata 10 au zaidi huchunguzwa kwa makini kama ana sonona, ugonjwa ambao wengi nchini huuita msongo wa mawazo. Dodoso pekee halimpi mtu jina la ugonjwa. Kazi hiyo ni ya mhudumu aliyefunzwa.

Faida kubwa ya alama huonekana baadaye. Chukua mfano wa mkulima aliyeanza na alama 18 na baada ya vikao vinne akawa na 8. Zimepungua kwa zaidi ya nusu, kiwango ambacho wataalamu hukichukua kuwa dalili kwamba tiba inafanya kazi. Zikishuka chini ya 5, huhesabiwa kuwa dalili zimetulia. Jirani yake naye alianza na 18, na baada ya vikao vinne ana 17. Huyu hajashindwa. Mpango wa tiba ndio haujafaulu, na mshauri anapaswa kuuliza: kuna mateso nyumbani ambayo hajayataja? Anahitaji dawa? Apewe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili? Bila alama, angeendelea kuja na kurudi vile vile kwa miezi. Au angeacha kuja kimyakimya, na kituo kikadhani amepona.

Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Kituo kinachopima waliomaliza vikao pekee ni kama mwalimu anayetafuta wastani wa darasa kwa kuhesabu waliofika siku ya mtihani tu. Nchini Uingereza, huduma ya kitaifa ya tiba ya mazungumzo iliyoanza mwaka 2008 hujaza dodoso katika kila kikao, ili hata anayeacha katikati awe na alama yake ya mwisho.

Vipimo vya aina hii vimekwisha kuleta jibu muhimu hapa nchini. Katika utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa afya ya jamii, ambao si wanasaikolojia, walifunzwa kutoa vikao vitano vya dakika 90 kila kimoja. Walioshiriki ni wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Baada ya miezi mitatu, dhiki ya waliopata vikao hivyo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Bila kupima, hakuna ambaye angejua kwamba mhudumu wa kijijini anaweza kazi hiyo.

Lakini alama ni sahihi tu kama majibu ni ya kweli. Wengi husema "sijambo sasa" kwa adabu, ili mshauri asivunjike moyo. Adabu hiyo ina gharama, kwa sababu mpango usiofaa huendelea. Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo hufichwa zaidi. Hofu ilikuwa na sababu: kwa miaka mingi jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichosema hivyo ni kinyume cha Katiba. Majibu ya dodoso nayo ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda.

Mkazi anayepata ushauri ana haki ya kuuliza alama yake ya leo na ile ya kwanza, na kuelezwa maana yake. Asiyeweza kusoma aombe asomewe maswali faraghani, si mbele ya foleni. Ambaye hajaona nafuu baada ya vikao kadhaa arudi na aseme hivyo. Mwenye mawazo ya kujidhuru asingoje tarehe ya kliniki: aende kituo chochote cha afya kilicho karibu, au apige 1199, namba isiyolipiwa ya Shirika la Msalaba Mwekundu.