Unauza spea mtandaoni? Uliza kwanza kabla ya kutuma krosi

Mteja wa Muze anaagiza krosi ya pili ndani ya miezi miwili? Usikimbilie oda. Muulize: pikapu umeishusha?

Ukishusha gari, pembe za propela zinabadilika. Gari linatetemeka, krosi zinakufa mapema, lawama zinakuja kwako. Propela ikikatika kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ni roho za watu.

Kwa propela ya krosi mbili, fundi apime gari likiwa tambarare, limesimama kwa matairi yake. Shafti inayotoka giaboksi na inayoingia difu ziwe sambamba. Difu ikiwa imeinama vibaya, kabari kati ya springi na ekseli inarekebisha.

Hapo muuzie krosi na kabari. Atarudi kununua, siyo kulalamika.