Kaa amejifukia, nimfukue?

Swali: Watoto wangu walinunuliwa kaa wawili, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Mmoja amejifukia mchangani, wiki ya tatu sasa. Nimfukue? – Mama Salma, Minneapolis

Jibu: Usimguse, Mama Salma. Huenda anajivua gamba, kazi inayoweza kumchukua hata miezi miwili, na mwili wake wakati huo ni laini kama ute wa yai. Kumfukua kunaweza kumuua.

Ninachokitilia shaka ni makazi yao. Wengi huuziwa vizimba vya waya, navyo havifai kabisa. Kaa hawa hupumua kwa matamvua yanayotaka hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 85. Nyumba zenu zikipashwa joto wakati wa baridi, hewa hukauka, nao hukosa pumzi polepole. Nunua tangi la kioo lenye mfuniko, na kipimaunyevu. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi. Kipasha joto kibandikwe ubavuni, si chini.

Mchanga uchanganye na vumbi la makumbi ya nazi, kina kisipungue sentimita 15, uwe na majimaji ya kutosha kufinyangika. Weka bakuli mbili: maji baridi yaliyoondolewa klorini, na maji yaliyotiwa chumvi ya bahari ya matangi ya samaki. Chumvi ya mezani hapana.

Ongeza makombe matupu makubwa kidogo kuliko yao, yasiyopakwa rangi. Rangi hubanduka, nao huila.

Tangi likiwa tayari, mhamishe yule aliye juu ya mchanga tu. Aliyejifukia mngoje atoke mwenyewe, na kizimba chake, kikiwa cha waya, kifunike kwa plastiki hadi hapo.