Kufufua Baiskeli Kuukuu

Katika nyumba nyingi kuna baiskeli iliyoegemezwa ukutani kwa miaka mingi. Kuku hulala juu ya usukani wake. Mnyororo umekauka, na magurudumu hayazunguki. Watu wakiitazama husema, "Hiyo imekufa." Je, ni kweli? Mara nyingi baiskeli kama hiyo ina maradhi mawili makubwa, nayo ni kutu na msuguano. Ukiyaelewa, wewe na mzazi wako mnaweza kuifufua.

Kutu ni nini?

Kwaruza fremu mahali palipobanduka rangi. Utaona unga wa rangi ya kahawia. Huo ni kutu. Kutu hufanyika chuma kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni kwa pamoja. Kutu si chuma tena. Ni dhaifu na humeguka. Ikimeguka, chuma cha chini nacho hupatwa na maji na hewa, kikaanza kuliwa. Chumvi huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana vyombo vya chuma huharibika upesi karibu na bahari.

Jaribio

Chukua misumari 3 ya mbao. Isugue kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ioshe kwa sabuni na kuikausha. Tafuta chupa 3 safi, uziandike A, B na C.

1. Katika chupa A, ambayo ni kavu kabisa, tia msumari, kisha ziba kwa kizibo.
2. Mwombe mwalimu achemshe maji kwa dakika 10 ili hewa iliyomo itoke. Yakipoa kidogo, ayamimine katika chupa B yenye msumari mpaka yaufunike. Juu yake amimine mafuta ya kupikia ili hewa isiingie.
3. Katika chupa C tia msumari na maji kidogo, nusu ya msumari ibaki juu ya maji. Usiizibe.

Tazama chupa zako kila siku kwa muda wa siku 7. Msumari upi umepata kutu zaidi? Msumari wa A ulikuwa na hewa bila maji. Wa B ulikuwa na maji bila hewa. Wa C ulikuwa na vyote viwili. Sasa unajua kwa nini tunapaka chuma rangi au mafuta: tunakizuia kisikutane na maji na hewa.

Kuifanyia kazi baiskeli

Pindua baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani wake. Futa vumbi. Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Fumba mdomo na pua kwa kitambaa ili usivute unga. Mahali palipobaki chuma kitupu, pakausheni na kupapaka rangi siku hiyo hiyo. Mkiona ufa katika fremu, msiufunike kwa rangi. Ipelekeni kwa fundi.

Mnyororo husafishwa kwa mafuta ya taa. Kazi hiyo aifanye mtu mzima, nje ya nyumba na mbali na moto. Mafuta hayo yasiwekwe kamwe katika chupa ya kunywea. Mnyororo ukikauka, tieni tone la oili katika kila kiungo, kisha futeni oili iliyozidi, kwa sababu hunasa mchanga.

Sasa zungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Likikwaruza na kusimama upesi, ndani mna msuguano mwingi. Katikati ya gurudumu mna gololi ndogo za chuma. Kitu kinachoviringika hupata msuguano mdogo kuliko kinachoburutwa. Lakini gololi zikikosa grisi au zikiingiwa na mchanga, huumana na kulika. Zisafisheni, mzipake grisi mpya, na kubadili zilizochakaa.

Mahali pasipotiwa oili

Usidhani kwamba msuguano ni adui siku zote. Mipira ya breki husimamisha gurudumu kwa kulibana rimu. Hapo msuguano ndio unaookoa maisha. Tone moja la oili likiingia kati ya mpira na rimu, breki zitateleza, na mpandaji akiteremka mlimani hataweza kusimama. Kwa hiyo rimu na mipira ya breki viwe safi na vikavu. Mipira iliyolika ibadilishwe.

Kabla ya kupanda, mtu mzima akague nati zote. Kisha isukume baiskeli kwa miguu mahali tambarare, ukabane breki. Isiposimama, usiipande.

Baiskeli iliyofufuliwa hubeba madumu ya maji, huleta mazao sokoni, na humfikisha mgonjwa zahanati. Iwekeni mahali pakavu.

Mazoezi

1. Vitu gani viwili huungana na chuma kufanya kutu?
2. Kwa nini maji ya chupa B yalichemshwa?
3. Taja sehemu mbili za baiskeli zinazotiwa mafuta, na mbili zisizotiwa. Eleza sababu.
4. Gurudumu la meno la mbele lina meno 48, na la nyuma meno 16. Ukizungusha pedali mara 1, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi?
5. Tafuta nyumbani kifaa kimoja cha chuma chenye kutu. Eleza utakavyokiokoa.